Said Wawili na Mfuko Mmoja wa Damu

Ukimuuliza mgonjwa "Wewe ndiye Said?", atasema ndiye, hata kama siye. Mtu mwenye homa na khofu, aliyelazwa chali huku watu waliofunika nyuso wanamwinamia, hukubali jina lolote atakalopewa. Kwa hivyo, wanangu mnaoingia kazi ya maabara, msimpe mgonjwa jina. Mwacheni alitaje mwenyewe, lake na la babake na la babu yake, na akishalitaja msiridhike bado. Tazameni nambari. Katika nchi hii ukisimama kwenye baraza la hospitali ukaita "Said!", watainuka watu sita, na wawili kati yao watakuwa wana wa Nasser.

Mie nimefanya kazi benki ya damu ya hospitali moja ya jeshi hapa Muscat mpaka nywele zikawa hivi mnavyoziona. Sasa nimestaafu, nnakaa Al Khuwair ghorofa ya tatu, na kila kijana wa ukoo wa mke wangu anayeanza masomo ya tiba huletwa kwangu eti akapewe nasaha. Nasaha sina. Nnazo khabari za makosa. Na lililo kubwa kuliko yote nnataka mlisome leo, kwa sababu mmekuwa mkisikia kuwa Ami Mbarouk alipewa uraia kwa utumishi wake jeshini, na mnadhani nilipewa kama mtu anavyokaribishwa halua.

Nilikuja kutoka Wete, Pemba, na cheti changu cha maabara kwenye bahasha ya plastiki. Mwanzo niliajiriwa zahanati ya mtu binafsi Ruwi, nikapanga chumba juu ya duka la mshonaji, tukilala watu wanne kwa zamu. Baadaye nikasikia jeshi linatafuta mafundi wa damu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili nilipofundishwa kutembea upya, kushoto kulia, na watoto wa miaka kumi na minane. Siku ya kwanza kukutana na kanali kwenye ujia nilikuwa nimebeba trei ya tyubu kwa mkono wa kulia, nikampigia saluti kwa mkono wa kushoto. Alinitazama muda mrefu, akasema kwa Kiarabu, "Huyu bila shaka ni wa maabara," akapita.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Bi Thuraya, mkuu wa benki ya damu. Kazaliwa Malindi, Unguja, kaja Oman msichana, na cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko umbo lake. Na maafisa alisema Kiarabu, na sisi Kiswahili, na alipokasirika sana alinyamaza kwa lugha zote mbili. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimepanga tyubu kumi mezani, zote nimeshazibandika majina kabla ya kwenda wodini kutoa damu. Nilijiona hodari. Akazibandua zote kumi, moja moja, kwa ukucha.

"Lebo hubandikwa mbele ya mgonjwa," alisema. "Hapa mezani unambandika nani? Meza?"

Na kanuni yake ya pili: mfuko mmoja tu wa damu mezani. Mpaka uufunge kadi ya mgonjwa, uuandike daftarini, uutoe mlangoni, ndipo ufungue friji utoe wa pili. Nyinyi leo mna mashine inayosoma mistari ya lebo, mkikosea inalia kama mbuzi. Sisi mashine yetu ilikuwa Bi Thuraya. Mashine nzuri, nnakubali. Lakini nimemwona kijana mmoja akiizima sauti kwa sababu inampigia kelele, kwa hivyo usiniambie makosa yamekwisha.

Huyo Bi Thuraya ndiye aliyenisukuma niombe uraia. Nilikuwa nimeshaoa hapa, mke wangu Salma ni Muomani, wazee wake watu wa Unguja. Lakini watoto hufuata karatasi za baba. Watoto wetu watatu walizaliwa Muscat, hawajui kwengine, na kila mara ilibidi niwapigie mihuri ya ukaazi kama wageni waliokuja kutembea. Binti yangu mkubwa alishaanza kuuliza kwa nini mabinamu zake wana bataka, kitambulisho cha raia, na yeye ana ya rangi nyengine.

"Umewatumikia askari wa nchi hii miaka kumi na moja," aliniambia Bi Thuraya. "Lete karatasi, mimi n'takuandikia." Akaandika kwa mkono wake kurasa mbili, kuwa huyu ni mtu wa kuaminika.

Faili likapanda kutoka meza hadi meza, muda wa miaka miwili. Mwishoni nikaambiwa sharti lililobaki: Oman haikuruhusu kushika uraia wa nchi mbili, kwa hivyo niuache wa kwanza, nilete ushahidi. Nikaenda ubalozini, nikatoa paspoti yangu, nikapewa karatasi moja yenye muhuri. Nikampigia simu mamangu Wete.

"Mama, nimeshauacha uraia."

"Umeuacha wapi?" akauliza, kama mtu anayeuliza mwavuli.

Siku kumi na moja baada ya hapo ikanyesha mvua. Mnajua watu wa Muscat mvua ikinyesha: wanafurahi, wanatoka na magari kuitazama, na lami iliyokauka miezi inateleza kama sabuni. Saa nne ya asubuhi basi la askari wapya likapinduka njia ya Rusayl. Tuliletewa majeruhi tisa, wanne wa kuingia thieta, kupasuliwa, saa ile ile. Bi Thuraya alikuwa mkutanoni jengo jengine. Benki ya damu nilikuwa mimi na Wanyonyi, fundi mwenzangu kutoka Kenya.

Tyubu zilikuja bado zina joto. Alizileta mbio Sista Lissy, muuguzi wa Kihindi wa chumba cha dharura. Akaninyooshea vidole viwili usoni.

"Said Nasser wawili," alisema. "Wawili! Tazama nambari."

Aliniambia. Hilo mlikumbuke, maana mie nilijaribu kulisahau.

Nambari ya mmoja iliishia 318, ya mwengine 381. Nikapima. Wa 318 ana kundi O, wa 381 ana kundi A. Nikapima tena, sawa. Nikalinganisha damu zao na mifuko iliyokuwako, sawa. Mpaka hapo kazi yangu ilikuwa safi. Kisha nikafungua friji nikatoa mifuko yote miwili kwa mpigo, nikaiweka mezani ubavu kwa ubavu. Simu ikalia, thieta wanauliza damu iko wapi. Nikaibana simu kwa bega, nikawa nawajibu huku nafunga kadi. Kadi ya 318 nikaifunga kwenye mfuko wa A, ya 381 kwenye mfuko wa O. Mchukuzi akaichukua, akaondoka.

Baada ya dakika ishirini nikavuta daftari kuandika. Niliandika nambari ya mfuko, nikaandika kundi, nikaandika nambari ya askari, na kalamu ikasimama.

Said mwenye A akipewa O hadhuriki. Said mwenye O akipewa A, damu yake mwenyewe huipiga vita ile ngeni, ikapasuka ndani ya mishipa, na mabaki yake yakaziba figo. Wengine hufa. Nikapiga simu thieta, inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikatoka mbio. Ngazi mbili, ujia mrefu, watu wanakaa pembeni kunipisha, na mie nnahesabu: mchukuzi dakika tano, kutundika dakika tatu, dakika kumi na mbili zinatiririka.

Thieta hamna anayeruhusiwa kuingia na viatu vya nje. Niliingia. Daktari wa usingizi, Mmisri mmoja mtulivu, alikuwa ameshika kibano cha mpira wa damu. Shinikizo la damu la mgonjwa lilikuwa linashuka, naye akidhani ni kwa damu inayomtoka, akawa anataka kuufungua mpira wote iingie kwa kasi. Na Said hakuweza kumwambia chochote. Mtu macho angesema mgongo unaniuma, baridi inaniingia, kifua kinanibana. Yeye amelazwa kwa dawa, mdomo umejaa mpira.

"Waggif ad-dam!" nilipiga kelele mlangoni. Simamisha damu!

Daktari akafunga. Robo ya mfuko ilikuwa imeshaingia. Tukatazama chini kwenye kifuko cha mkojo. Ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

"Hii damu si yake?" aliuliza.

"Si yake."

"Nani amekosea?"

Nikasema, "Tutaangalia."

Neno moja tu hilo. Walinishukuru, mnasikia? Walinishukuru mbele ya watu kwa kuwahi. Wakaanza kumtia maji na dawa kuziokoa figo, na mie nikarudi maabara, nikijiambia kwamba la maana limeshafanyika, mgonjwa anatibiwa, lililobaki ni karatasi.

Alasiri ile maneno yakazagaa kuwa chumba cha dharura ndio waliochanganya tyubu. Said wawili, muuguzi mmoja, haraka: nani asingeamini? Wanyonyi akafunga mlango.

"Mzee, skiza," alisema. "Wote wanasema ni makosa ya Lissy. Wewe nyamaza tu."

"Daftari linaonyesha."

"Daftari ni karatasi. Chai inaweza mwagika." Akanitazama vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa na nguvu. "Uko na watoto watatu na hauna paspoti. Wakikufuta hapa utaenda wapi? Hata nyumbani hawawezi kukuingiza."

Sikumwaga chai. Lakini sikusema pia. Nilinyamaza siku moja na nusu. Nyumbani nilikula, nikawasomesha watoto, Salma akaniuliza mbona kimya, nikamwambia mvua imenitia mafua. Mkitaka kujua khofu ni nini, si zile ngazi mbili. Khofu ni kukaa mezani unamchorea mtoto mstari wa hesabu, huku unafikiri: nikisema, huyu hana nchi.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Sista Lissy akaja maabara. Kiarabu chake kilikuwa cha wodini, maneno ya maumivu na dawa, na mengine alinisemesha Kiingereza. Nilidhani amekuja kunigombeza. Alikuwa na karatasi amechora vitanda viwili.

"Ndugu, wewe ni mtu wa damu, nisaidie," alisema. "Nilianza na huyu, nikabandika hapo hapo. Kisha huyu. Nimeifikiria mara mia na sioni nilipokosea. Nionyeshe, ili angalau nijue. Wameshaniambia huenda nikarudishwa kwetu."

Alikuwa ameanza kuamini kuwa kakosa yeye. Nilimwangalia yule mtu aliyefanya kazi yake sawa kabisa, anatafuta dhambi yangu kwenye mikono yake. Nikamwambia, "Hukukosea, sista. Nenda kakae, n'takuja." Nikaenda kwa Bi Thuraya.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakuniambia nikae. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mifuko miwili mezani," alisema.

"Miwili."

"Na kimya siku mbili."

"Moja na nusu."

"Usinipunguzie!" Alipiga meza. Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "Mimi nimeandika kwa mkono wangu kuwa wewe mtu wa kuaminika. Kurasa mbili! Umeniua, Mbarouk." Macho yake yalikuwa yamejaa, nami nikatazama sakafu. Akavuta droo, akatoa karatasi na kalamu, akavisukuma upande wangu.

"Andika. Kiarabu chako kibovu, n'takusahihisha herufi. Lakini maneno yawe yako, na hiyo siku na nusu iwemo."

Nikaandika. Alinisahihisha mahali kumi na nne. Kisha akaibeba ile karatasi mwenyewe kwenda nayo kwa kanali, na kabla ya kutoka akaniuliza kama nimeshakwenda kwa wenyewe. Sikuelewa. "Mgonjwa ana baba," alisema. "Yuko pale barazani tangu jana."

Baba yake alikuwa Mzee Nasser, mtu wa Ibra, amekaa kwenye kiti cha plastiki na bakora yake na chupa ya kahawa. Nilimsalimia kwa Kiarabu. Akanijibu kwa Kiswahili safi cha bara. Kumbe kazaliwa Tabora. Nilisikia afueni ya kijinga, kama kwamba lugha itanipunguzia adhabu. Nikamweleza yote. Aliuliza maswali mafupi, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe ndiye uliyempa ile damu mbaya?"

"Mimi."

"Na aliyekuja mbio kuizuia?"

"Mimi."

"Na huyo muuguzi wanayemsema?"

"Hana kosa."

Akamimina kahawa kwenye kikombe kimoja, akanipa. Nikanywa. Akangoja nirudishe kikombe.

"Nitakushtaki," alisema. "Mwanangu yule, na hakojoi. Siwezi kukaa kimya kwa sababu umekuja na adabu. Lakini nitaandika pia kuwa ulikuja mwenyewe, hukuitwa. Nitaandika yote mawili."

Na akaandika yote mawili.

Said alikaa kwenye mashine ya kusafisha damu siku tisa. Kila asubuhi nilipita kumuuliza muuguzi wa zamu swali moja tu. Siku ya kumi akaniinulia kichupa chenye mkojo kidogo, wa manjano, mzuri. Wanangu, nimehudhuria harusi nyingi mjini hapa, sijapata kufurahi kama nilivyoufurahia ule mkojo. Said mwenyewe alipopata nguvu nilimwomba radhi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, akaniuliza jambo moja: "Yule Said mwengine alipata damu yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi namdai mfuko mmoja," akacheka mpaka mishono ikamuuma.

Kamati ilinihukumu. Nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa benki ya damu miezi sita, nikawa naosha vyombo na kupima sukari. Lissy alibaki kazini. Na faili langu la uraia likasimama. Halikukataliwa, lilisimama. Kila nikiuliza naambiwa linaangaliwa. Karatasi ya ubalozini ilisema mimi si wa kule, na hapa hamna iliyosema mimi ni wa hapa. Nilikuwa na kitambulisho cha jeshi kinachonitoa nyumbani kunifikisha kazini, basi. Salma nilipomwambia alilia, kisha akasema, "Afadhali hivi kuliko mafua yako." Kuhusu binti yangu mkubwa, aliyekosa nafasi ya chuo mwaka ule kwa sababu ya karatasi, sitaandika mengi. Hakunilaumu kwa maneno.

Mwaka wa pili wa kungoja, mamangu akafa. Khabari ilinifika nikiwa kazini, na kwenda siwezi. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, vioo nimefunga, mdogo wangu Hamadi akaishika simu karibu na kaburi. Nilisikia watu wakisoma. Nilisikia majembe. Kisha mtu mmoja akamwambia Hamadi aizime ile simu, si adabu, na Hamadi akamjibu, "Mwache, huyo ni mwanawe." Siku ile nilijiuliza kwa ukweli kabisa kama ningeimwaga ile chai. Nnakwambieni nilivyojiuliza, maana nyinyi mtajiuliza pia, na si siku ya makosa tu. Mtajiuliza miaka baadaye, siku ambayo gharama inakuja. Jibu sikulipata ndani ya gari. Nililipata niliporudi ndani, kwenye ujia, Lissy aliponiona uso wangu, akaweka chini alichobeba, akanishika mkono asiniulize kitu.

Ilipita miaka mitatu na nusu tangu ile mvua. Asubuhi moja nikaitwa ofisini na afisa niliyekuwa simjui, akaniambia jina langu limetoka kwenye amri ya Sultani, niende kula kiapo. Sijui kwa nini wakati ule, sijui ni kwa karatasi yangu au ya Mzee Nasser au kwa sababu mtu fulani alisafisha kabati. Hamna aliyenieleza. Nilimpigia simu Bi Thuraya, alikuwa ameshastaafu.

"Jina wameliandika sawasawa?" aliuliza. "Lisome herufi kwa herufi. Usitie saini kabla." Kisha akanyamaza, na nikajua kuwa safari hii hakukasirika.

Safari yangu ya kwanza kwa paspoti mpya ilikuwa kwetu. Uwanja wa ndege wa Unguja wana mistari miwili, na mie nikasimama kwenye wa wageni, nyuma ya Wazungu wenye mabegi. Msichana wa uhamiaji akanisemesha Kiingereza. Nikamjibu kwa lafdhi ya Wete. Akainua kichwa, akaitazama paspoti, akanitazama.

"Kumbe Mpemba!"

"Mpemba."

"Basi mzee wangu, samahani, lakini fomu ni fomu." Akapitisha kalamu chini ya mistari. "Hapa hujajaza. Mgeni lazima aandike jina la mwenyeji wake, atakayefikia kwake."

Nikaandika jina la mamangu, Asha binti Hamadi, Wete. Alisoma, akapiga muhuri, kisha akauliza kwa wema tu, kama wanavyouliza watu wetu:

"Ni mamako huyu? Yupo? Maana usije ukafika ukakuta katoka."

"Yupo," nikamwambia. "Hajatoka."